Siku ya hujaji kwenye njia ya Santiago: kuamka, kutembea, kufua, kulala

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 59, naishi Moshi. Mimi na binti yangu tumenuia kwenda Hispania kutembea hija ya Mtakatifu Yakobo. Tutaanzia Ufaransa mwezi wa tano hadi Santiago, na tuna siku 40. Historia nimeisoma, picha za kanisa kuu nimeziona za kutosha. Ninachokosa ni kitu kimoja: siku yenyewe inakwendaje? Mtu anaamka saa ngapi, analala wapi, anafua wapi, anakula nini? Na hao wanaorudi nyumbani kabla ya kufika, huwa wamepatwa na nini?

JIBU: Shikamoo mama. Nianzie kwenye swali lako la mwisho, maana ndilo lililobeba hayo mengine. Wengi wanaokata safari huwa wameumiza miguu ndani ya siku tatu au nne za mwanzo, wakati mwili una hamu na njia bado mpya, kisha wakaiburuza hiyo miguu wiki nzima bila kulala vizuri. Kutembea kwenyewe ni saa sita au saba kwa siku. Saa zinazobaki ni za kuoga, kufua, kutibu nyayo, kula na kulala, na hizo ndizo zinazoamua kama kesho utanyanyuka.

Njia mliyoichagua, wanayoiita Njia ya Wafaransa, ina takriban kilomita 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Santiago de Compostela. Katika siku zenu 40, toeni mbili za kufika mwanzo wa njia, mbili za kukaa Santiago, na tatu za kupumzika katika miji mikubwa kama Logroño, Burgos na León. Zinabaki 33, yaani wastani wa kilomita 23 na nusu kwa siku. Inawezekana, ila haina nafasi ya kuugua. Mmoja wenu akilala siku tatu na mguu, msijaribu kufidia kwa kutembea kilomita 35. Pandeni basi mruke kipande cha tambarare kati ya Burgos na León. Cheti cha hija, Compostela, kinadai kilomita 100 za mwisho kwa miguu, kwa hiyo basi la katikati ya njia haliwanyimi kitu.

Saa ninazotaja hapa ni za Kiswahili. Mlangoni kwa hosteli utasoma 22:00. Hiyo ni saa nne usiku.

Asubuhi

Mwezi wa tano jua huchomoza karibu saa moja kasoro robo upande wa Pamplona, mji mkubwa wa kwanza njiani, na huchelewa zaidi kadiri mnavyokwenda magharibi. Kuzama ni saa tatu na nusu usiku au hata baadaye. Mtu aliyezoea giza la saa moja jioni humsumbua kidogo kulala wakati nje bado kweupe, kwa hiyo beba kitambaa cha kufunika macho.

Hosteli huanza kuchangamka saa kumi na moja na nusu. Wapo wanaoondoka gizani na tochi kichwani kuwahi vitanda vya mbele, waacheni. Mwezi wa tano hakuna joto la kukimbia, na gizani ndiko watu wanakopotea. Alama za njia ni mishale ya njano iliyochorwa ukutani, kwenye mawe, miti na nguzo za umeme, pamoja na mchoro wa kombe la baharini. Mishale hiyo ilisambazwa miaka ya 1980 na padre Elías Valiña, paroko wa kijiji cha O Cebreiro, aliyezunguka na rangi ya njano akiipaka mwenyewe. Mchana huwezi kuikosa. Usiku, kwenye njia panda ya kijijini, utaikosa. Amkeni saa kumi na mbili, tokeni saa moja kasoro au saa moja kamili. Hosteli nyingi zinataka kila mtu awe nje saa mbili.

Begi pangeni tangu usiku. Asubuhi kibaki cha kukunja ni mfuko wa kulalia tu, na mkakunjie nje ya chumba. Mifuko ya nailoni inayochakarisha ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi kwenye hosteli hizi kuliko hata wanaokoroma. Tumieni mifuko ya kitambaa.

Kabla ya viatu, nyayo. Paka vaseline kati ya vidole, kisiginoni na kwenye mto wa unyayo, kisha soksi. Kunywa maji, kula ndizi au mkate, ondoka. Kifungua kinywa chenyewe hupatikana kwenye baa ya kijiji cha kwanza, kilomita tano au nane mbele. Neno baa lisikutishe, mama. Huko ndiko mahali pa kahawa, mkate, choo na muhuri, na bibi wa kijiji hukaa humo asubuhi bila mtu kumshangaa. Kahawa ya maziwa, mkate wa kuchomwa na kipande cha tortilla, ambayo kwao ni mayai mazito yaliyopikwa na viazi, vitakufikisha mchana. Ukiagiza chai utaletewa kikombe cha maji ya moto na mfuko wa majani kando. Sema unataka na maziwa, na usitarajie tangawizi.

Siku ya kwanza ndiyo ya hatari

Kutoka Saint-Jean, ulio karibu mita 170 juu ya bahari, njia inapanda hadi mita 1,430 hivi pale Lepoeder, kisha inashuka ghafla hadi Roncesvalles, kwenye mita 950. Jumla ni kilomita 25. Kwa mtu wa Moshi mita 1,430 ni kichekesho, lakini angalia tofauti badala ya kimo: mnapanda zaidi ya mita 1,200 kwa siku moja, wakati kutoka lango la Marangu hadi kambi ya Mandara, kule Kilimanjaro, ni chini ya mita 900. Tena Mandara kuna mpagazi. Huku mpagazi ni wewe.

Kwa umri wako ningeigawa siku hiyo mara mbili. Kuna hosteli Orisson, kilomita nane hivi juu ya Saint-Jean. Ina vitanda vichache, hujaa mapema, kwa hiyo wekeni nafasi miezi kadhaa kabla. Kesho yake mnabaki na kilomita 17 na miguu mibichi. Ikijaa, ipo njia ya chini ya bonde kupitia Valcarlos, na pale pia unaweza kulala katikati. Njia ya juu hufungwa tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi kwa sababu ya theluji. Mwezi wa tano iko wazi, ila ukungu na mvua baridi havikosi. Ofisi ya mahujaji pale Saint-Jean, kwenye mtaa wa Citadelle, itawaambia hali ya siku hiyo. Wakisema msipande, msipande.

Ofisi hiyohiyo ndiyo itakayowauzia credencial, kitambulisho cha hujaji, kwa euro chache. Ni karatasi ya kukunja yenye visanduku vya mihuri. Bila hiyo hosteli za mahujaji hazikupokei, na Santiago hupewi cheti. Iwekeni kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu pamoja na pasipoti. Karatasi iliyolowa mihuri ikachanganyika ni maelezo marefu mwisho wa safari.

Miguu

Hapa nitakaa kidogo.

Viatu viwe vikubwa kwa nusu namba au namba nzima kuliko unavyovaa Moshi, kwa sababu baada ya wiki moja ya kutembea mguu huvimba na kutanuka. Buti nzito za kupandia Kibo hazihitajiki; sehemu kubwa ya njia ni changarawe, udongo na lami, na raba za njia za milimani zenye soli ngumu zinatosha. Ziwe zimeshatembea angalau kilomita 100 kabla ya ndege. Pandeni kutoka mjini hadi Kibosho au Uru na kushuka, na muhimu zaidi, fanyeni hivyo siku mbili mfululizo, na begi lenye uzito uleule. Siku moja ya mazoezi haikwambii kitu. Siku ya pili ndiyo inayoonyesha mahali kiatu kinapouma.

Soksi za pamba ziacheni nyumbani. Pamba hunyonya jasho na kulishika, ngozi inalainika, na ngozi laini ikisuguliwa hupanda lengelenge. Chukueni soksi za sufu ya merino au za nyuzi za kisasa, jozi tatu kila mmoja. Wengine huvaa soksi nyembamba ndani ya ile nene ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi. Kila baada ya saa mbili kaa, vua viatu na soksi, acha miguu ipigwe upepo dakika kumi. Wanaojiona wana haraka hawafanyi hivi, na hao ndio mtakaowakuta duka la dawa la Zubiri au Pamplona.

Lengelenge halizuki ghafla. Hutanguliwa na mahali panapochoma kama pamepakwa pilipili. Hapo hapo, hata kama kijiji kiko mbele mita mia tano, simama. Toa mchanga, kausha, bandika plasta ya kitambaa iliyonyooka bila mikunjo. Likishatokea na ni dogo, lifunike usilitoboe. Likiwa kubwa na linazuia kutembea: nawa mikono, safisha kwa Betadine, choma sindano iliyosafishwa pembeni pa lengelenge sehemu mbili, kamua maji taratibu, acha ngozi ya juu ilivyo, paka Betadine tena, funika kwa bendeji safi. Njiani mtaonyeshwa mtindo wa kupitisha uzi na kuuacha ndani. Uzi ule unatoa maji, ni kweli, na unaingiza vijidudu kwa barabara hiyohiyo. Plasta nene za jeli, Compeed, ni nzuri kwenye ngozi ambayo haijachanika. Ukishabandika usiibandue, itatoka na ngozi. Ingoje idondoke yenyewe.

Ukiona wekundu unasambaa, joto, usaha au homa, nenda kituo cha afya, wao husema centro de salud. Na kama una kisukari, mama, usitoboe chochote wewe mwenyewe. Muone daktari wako kabla ya kuondoka, na ufikirie kwa uzito kupunguza urefu wa siku.

Tatizo la pili ni maumivu ya mbele ya muundi. Hujitokeza wiki ya kwanza au ya pili, kwa kawaida baada ya siku ndefu ya lami au kwa kufunga kamba za kiatu kwa nguvu mno juu ya kifundo. Hapo dawa za maumivu ni mtego: unameza ibuprofeni asubuhi, husikii kitu, unatembea kilomita 25, jioni umekwisha. Legeza kamba, weka barafu, pumzika siku nzima, kisha uanze na kilomita kumi.

La tatu ni magoti, na magoti huumizwa na kushuka. Miteremko mitatu ina sifa mbaya: ule wa Lepoeder kuingia Roncesvalles, ule wa mawe yanayobingirika baada ya Alto del Perdón, na ule mrefu kutoka Cruz de Ferro kupitia El Acebo hadi Molinaseca, ambao unapoteza karibu mita 900. Beba fimbo mbili za kutembelea, uzirefushe kidogo wakati wa kushuka, hatua fupi. Kucha za miguu zikatwe kwa mkato ulionyooka siku tatu kabla ya kuanza, na kamba zikazwe ili mguu usiteleze mbele. Kucha nyeusi hutokana na kidole kugonga ncha ya kiatu mara elfu kadhaa.

Begi

Kanuni inayotumika ni asilimia kumi ya uzito wa mwili. Ukiwa na kilo 70, begi ni kilo 7, na maji juu yake. Nguo ni seti mbili tu: ya kutembelea na ya jioni. Ongeza sweta jepesi la manyoya, koti la mvua linalofunika na begi, ndala za bafuni, taulo jembamba linalokauka haraka, mfuko mwepesi wa kulalia, kofia, kipande cha sabuni ya mche, pini kumi, vizibo vya masikio. Khanga moja beba, mama. Ni shuka, ni pazia la kitanda cha chini, ni kitambaa cha kutokea bafuni, na haina uzito. Wazungu watakuuliza umeinunua wapi. Vingi kati ya hivyo mtapata soko la Memorial hapo Moshi kwa bei ya mitumba, kwa kuwa vifaa vya wapanda mlima huishia huko.

Siku mgongo ukigoma, kuna huduma ya kusafirishiwa begi hadi hosteli ya mbele, ikiwemo ya posta ya Hispania, Correos, kwa kadiri ya euro sita au saba kwa siku. Unafunga bahasha yenye jina la mahali unapolala na kuliacha mapokezi asubuhi. Sharti ni kwamba lazima ujue utalala wapi, na hosteli nyingi za umma hazipokei mabegi ya kusafirishwa. Kutumia huduma hii si kupunguza hija. Cheti hakiulizi nani alibeba begi.

Mchana mnapofika

Hosteli ya mahujaji wanaiita albergue. Zipo za manispaa na serikali ya jimbo, za parokia na watawa, na za watu binafsi. Za umma ni takriban euro 8 hadi 12 kwa kitanda, nyingi haziwekewi nafasi, na anayewahi ndiye anayepata. Za binafsi ni euro 14 hadi 20 au zaidi, na unaweza kupiga simu jana yake. Chache za parokia hazina bei. Mlangoni kuna sanduku la sadaka, na bila aibu nasema kwamba wanaotia sarafu mbili humo wakati mfuko umejaa ndio wanaozifunga hosteli hizo. Tieni angalau kile ambacho mngelipa kwingine.

Nyingi hufungua kati ya saa saba na saa nane mchana. Mkifika mapema mtakuta mabegi yamepangwa foleni ukutani. Wekeni yenu mwisho wa mstari mkae kivulini. Mlango ukifunguka, viatu na fimbo hubaki kwenye rafu za nje. Mezani unatoa pasipoti na credencial, unalipa, unagongewa muhuri, unaonyeshwa kitanda. Ni vitanda vya ghorofa, wanaume na wanawake chumba kimoja, nane hadi hata mia kwenye ukumbi. Kwa umri wako omba cha chini. Sema tu “abajo, por favor”, na waangalizi wengi watakupa bila kuombwa mara mbili. Hosteli za Galicia, jimbo la mwisho wa njia, huwapa shuka na foronya za karatasi za kutumia mara moja.

Kabla hujaweka kitu kitandani, inua godoro ukague mishono na pembe. Vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa ni kinyesi cha kunguni. Ukiwaona, mwambie mwangalizi bila kelele, mbadilishe hosteli. Begi halipandi kitandani hata siku moja, kwa sababu kunguni husafiri kwa mabegi. Ukiamka na alama za kuwasha zilizopangwa mstari, usinyamaze kwa haya: sema, na nguo zote zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 na kukaushwa kwenye mashine ya joto.

Baada ya hapo, mfuate mpangilio huu: kuoga, kufua, miguu, chakula, kulala kidogo. Ukianza na kulala, hutafua, na jua litakuacha. Masinki ya kufulia yako uani. Fua ulichovua tu, yaani fulana, soksi na chupi, kila siku. Kisha kunja nguo ndani ya taulo uikamue kwa kuikanyaga. Hiyo peke yake inapunguza nusu ya muda wa kukauka. Ikianikwa kabla ya saa kumi, mwezi wa tano hukauka kabla ya usiku. Galicia, ambako mvua hainyimi, lipeni mashine ya kufulia na ya kukaushia, euro tatu au nne kila moja, mkichangia na mahujaji wengine wawili. Soksi zilizobaki mbichi zipigwe pini nje ya begi zikaukie njiani.

Kula

Saa za Wahispania zitawasumbua kuliko chakula chao. Maduka ya vijijini hufungwa karibu saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na Jumapili mengi hayafunguki kabisa. Jumamosi jioni nunueni mkate, jibini, matunda na kopo la samaki. Migahawa ya kawaida haipiki chakula cha usiku kabla ya saa mbili na nusu, lakini iliyo njiani huandaa menyu ya hujaji kuanzia saa moja jioni: sahani ya kwanza ya saladi, dengu au tambi, ya pili ya nyama au samaki na viazi, kitindamlo, mkate, na divai au maji, kwa euro 12 hadi 16. Utachoka na chipsi wiki ya pili. Hosteli zenye jiko zinaokoa hapo. Wali, maharage ya kopo na mayai kwa watu wawili hauzidi euro sita. Tahadhari kwa hosteli za serikali ya Galicia: jiko lipo linang'aa, sufuria hakuna. Ulizeni kabla ya kununua mchele.

Mkifika Galicia agizeni caldo gallego, supu ya majani ya kijani, viazi na maharage. Ndicho chakula cha njia nzima kilicho karibu zaidi na jiko la nyumbani. Na Melide ni mji wa pweza. Huchemshwa kwenye sufuria za shaba, hukatwa kwa mkasi na kumwagiwa mafuta ya zeituni, chumvi na pilipili nyekundu ya unga.

Maji ya bomba na ya chemchemi zilizoandikwa “agua potable” ni salama. Palipoandikwa “no potable” au “no tratada”, pitieni. Lita moja na nusu inatosha siku nyingi, isipokuwa baada ya Carrión de los Condes: kilomita 17 hadi Calzadilla de la Cueza bila kijiji na kivuli ni cha kubahatisha. Pale lita mbili kila mmoja.

Jioni na usiku

Umesema wewe ni mwalimu mstaafu, hukusema kama unaimba, lakini watu wa parokia zetu huimba. Misa ya jioni ipo karibu kila mji, saa moja au saa mbili, mara nyingi na baraka ya mahujaji mwishoni. Ya Roncesvalles msiikose. Carrión, masista Waagustino wa hosteli ya Santa María wamejulikana kwa miaka mingi kwa kuimba na mahujaji, na Rabanal del Camino kuna sala ya jioni ya wamonaki kwa nyimbo za Kigregori. Huko mkiombwa wimbo wa kwenu, msianze kutazamana. Chagueni mmoja kabisa mkiwa bado Moshi.

Saa nne usiku taa huzimwa na mlango hufungwa. Mwezi bado unaweza kuwa hujatoka na jua ndiyo kwanza limezama, lakini kanuni ni kanuni. Vizibo vya masikio viwe vya nta au sponji, jozi mbili, mkoromaji hakosekani. Kila usiku wa tano au wa sita lipieni chumba cha watu wawili kwenye nyumba ya wageni, euro 45 hadi 65. Wengi huona ni anasa. Mimi naihesabu kwenye fungu la dawa: usingizi kamili wa usiku mmoja huponya kano za miguu kuliko mafuta ya kuchua. Kwa jumla, mkiweka vyumba hivyo ndani, tengeni euro 40 hadi 50 kwa mtu kwa siku.

Kilomita 115 za mwisho

Mkifika mji wa Sarria, njia hubadilika. Hapo ndipo wanapoanzia wale wanaotaka kilomita 100 tu, na mtu aliyetembea mwezi mzima kwa utulivu hujikuta katikati ya makundi ya shule yenye spika. Usiwanunie, nao ni mahujaji. Ila kuanzia hapo wekeni nafasi ya vitanda siku mbili tatu mbele, na gongeni mihuri miwili kila siku, mmoja hostelini na mmoja baa au kanisani. Kabla ya hapo mmoja kwa siku ulitosha. Wakija mwaka 2027 wenye nia kama yenu, waambieni wajipange mapema zaidi: tarehe 25 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili, ni Mwaka Mtakatifu wa Yakobo, na vitanda vitagombewa.

Viza, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama haya yote yatatumika. Ombeni ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kupitia ubalozi wa Hispania Dar es Salaam, hata kama ndege inatua Ufaransa, kwa sababu siku nyingi mtazikaa Hispania. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Kikwazo cha mahujaji ni uthibitisho wa malazi, kwa vile hosteli za umma haziwekewi nafasi. Ambatisheni ratiba ya siku kwa siku yenye jina la kila kituo na kilomita, nafasi zilizothibitishwa za Saint-Jean, Orisson, miji mikubwa na Santiago, na barua ya paroko inayoeleza hija. Ombeni siku kadhaa zaidi ya 40. Mguu ukivimba, viza haitasubiri upone.

Santiago, ofisi ya mahujaji iko mtaa wa Carretas namba 33. Mnajiandikisha kwa simu, mnapewa namba, wanakagua mihuri, mnapokea Compostela yenye jina kwa Kilatini. Haina malipo, cheti kingine cha kilomita kina ada ndogo. Mabegi hayaingii kanisa kuu, kwa hiyo yaacheni hostelini kabla ya misa ya saa sita mchana, na muwe mmekaa saa tano. Chetezo kubwa, Botafumeiro, lina uzito wa kilo 53 na huvutwa na wanaume wanane, ila halirushwi kila siku; msipange tarehe kwa ajili yake. Fimbo za kutembelea ziingie kwenye mzigo wa chini wa ndege. Na pale ofisini nunueni bomba la kadibodi la kutilia cheti. Kikikunjwa ndani ya begi pamoja na nguo mbichi, kitafika Moshi hakisomeki.